Ukifa Nitakusimamisha Kwenye Mpunga

Nilipewa jezi ya timu ya taifa ya kriketi nikiwa na miaka kumi na tisa, na baada ya mechi moja tu nikaambiwa huenda nikanyang'anywa. Si kwa kucheza vibaya. Nilicheza vizuri, wanaojua waliniambia hivyo, na wasiojua, ambao ndio wengi na ndio wenye ofisi, walipiga makofi pia. Jezi ilitaka kuniponyoka kwa sababu ya sentensi moja niliyomwambia mchezaji wa timu ya wageni, sentensi niliyofundishwa na nyanya yangu kabla sijang'oka meno ya utoto.

Siku hizi waandishi wa habari hunijia na swali lao moja: "Ulianzaje?" Hawataki kujua nilianzaje. Wanataka mamba, mafuriko, na mtoto asiye na viatu. Basi mimi huwapa. Nawapa mamba mmoja mkubwa, nawapa mafuriko ya kubeba nyumba, wanaandika, wananishukuru, wanaondoka wameshiba. Viatu nilikuwa navyo. Mama alikuwa mpishi katika hoteli moja Malindi na kila Krismasi alileta jozi. Lakini mtu mwenye viatu haandikwi habari.

Nilianzia kwenye dungu, lile jukwaa la miti linalosimamishwa katikati ya shamba la mpunga ili mtu akae juu afukuze ndege. Shamba lilikuwa la nyanya yangu, mama yake mama, ng'ambo ya mto Tana ukitoka upande wa Garsen, na ndiye aliyenilea. Mpunga ukishatoa masuke, ndege hushuka kwa maelfu, na ukilala nusu saa umewaandalia karamu. Mimi nilikuwa bingwa wa kulala. Nyanya naye hakuwa mtu wa kuamsha watu kwa kubembeleza. Alisimama chini akafinyanga dongoa la udongo mweusi, akanirushia. La kwanza lilinipiga sikioni. La pili begani. Baada ya wiki mbili nilikuwa nalala na fimbo mkononi, na dongoa likija nalipiga likiwa bado hewani, linapasuka, linamrudia usoni. Hapo ndipo alipoanza kurusha kwa nia. Alirusha la chini, alirusha la juu, alirusha lililonyooka kisha lile la kujikunja, maana mkono wake mmoja ulivunjika zamani na ukaungwa vibaya. Makocha niliokutana nao baadaye wana vyeti ukutani, na hakuna hata mmoja anayeweza kurusha dongoa kama lile.

Na kila dongoa lilikuja na tusi lake. Hapa inabidi nieleze, maana bila hili hamtaelewa kitu. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa nyanya yake. Huo ndio utani wetu, na una sheria. Unazaliwa tu, unamkuta mke wako keshang'oka meno anakungoja. Yeye ananiita mume wangu, mimi namwita mke wangu, na kazi yetu ni kutukanana. Nikiingia uani bila kumtukana, ataniuliza kama naumwa. Heshima tunayo, tena nyingi, lakini ni ya mgeni, na ni ya mtu tuliyekosana naye. Nyumbani kwetu ukisikia unaongeleshwa kwa upole, chukua mzigo wako.

"Mume gani huyu nimepewa," alikuwa akisema huku akifinyanga dongoa jingine. "Kichwa kama kitunga, na ndani hamna samaki! Wewe ukifa sitakuzika. Nitakusimamisha kwenye mpunga utishe ndege. Sura hiyo isiende bure."

Nami humjibu, "Wewe ukifa mke wangu, hata mchwa watakuomba radhi, waseme wameshiba." Anacheka mpaka anakaa chini kwenye tuta. Haki ya Mungu, sijawahi kupendwa na mtu kama nilivyopendwa na maneno yale.

Kriketi yenyewe ililetwa shuleni kwetu na mwalimu wa hesabu. Alifika na mfuko wa magongo mawili, pedi zilizoraruka na mipira saba, akauliza nani anaujua mchezo huu. Hakuna. Tukafyeka miti ya mathenge nyuma ya bweni tukapata kipande cha ardhi, na miiba ikabaki humo humo kututoboa nyayo. Vijana wa Kiorma ndio waliokuwa warushaji wetu, na ole wako ukidharau mkono uliokulia kurushia fisi rungu. Madalali wa ng'ombe waliokuwa wakipita kwenda mnadani Garsen walisimama kwenye ua wakatazama kwa dakika tano. "Nani anashinda?" "Bado hatujui." "Mtajua lini?" "Labda jioni." Walitema mate wakaenda zao. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho nilikubaliana nao.

Lakini mpira ulipokuja kwangu niliuona mkubwa, mwekundu, mvivu, hauna hata tusi nyuma yake. Nikaupiga ukaenda kuangukia kwenye mbuzi. Mwalimu akavua miwani. Mwaka uliofuata akanipeleka majaribio Mombasa, na kutoka huko nikaitwa kambi ya vijana Nairobi, kisha, mapema kuliko walivyotarajia watu wa adabu, timu ya wakubwa.

Niseme kuhusu watu wa adabu. Kambini hakuna aliyenitukana hata siku moja. "Umecheza vizuri, ndugu." "Pole, bahati mbaya, ndugu." Wanakuonyesha meno yote asubuhi, na ukigeuka tu wanakuita yule wa mamba. Nahodha wetu alikuwa mtu msafi mno. Alizungumza na kila mtu kwa sauti ya mhudumu wa benki. Meneja wa timu alikuwa na tumbo, koti la buluu lenye nembo, na neno moja alilolipenda, taswira. Taswira ya timu. Taswira ya nchi. Mtu yule hakuwahi kupigwa na mpira popote mwilini, lakini alitembea akichechemea kidogo, kana kwamba alistaafu uwanjani. Miezi mizima nilijiuliza nimewakosea nini watu hawa hata wananiheshimu hivi.

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa hapo hapo Nairobi, dhidi ya jirani zetu wa kusini. Niliingia wenzangu wanne wakiwa wameshatolewa na hatujafika popote. Gongo nililibana kama naogopa litaibiwa, nisidanganye. Nyuma yangu alichuchumaa kipa wao, yule mwenye glavu ambaye kazi yake ni kudaka mpira ukimpita mpigaji. Nikamsikia anasema kwa Kiswahili chake kile cha kuvuta:

"Wee mchunga mbuzi, hilo gongo umeliokota wapi? Si ndilo wanalosongea ugali kwenye matanga?"

Lo! Moyo ulinipasuka kwa furaha. Miezi yote ile ya meno na upole, kumbe kuna binadamu! Mtu anayekutukana hata hakujui ni mtani wako tu, na mtani haachwi bila jibu. Nikamwambia, "Na wewe hizo glavu ni za nini, unaenda kutoa mkate kwenye tanuri?" Akacheka kwa pua. Mpira ukaja, nikaupiga ukafika ukingoni. "Bahati ya mwehu," akasema. "Mwehu ni aliyekuambia wewe ni kipa," nikamjibu. Tuliendelea hivyo, na kila tusi lilinilegeza bega, na mipira ikaanza kuja kama madongoa. Nilipopita mikimbio hamsini aliniambia amechoka kuniona, bora nife nizikwe naye apumzike. Nami nikageuka, nikamwambia kwa sauti, neno kwa neno, kama nilivyoambiwa na mke wangu:

"Wewe ukifa sitakuzika. Nitakusimamisha kwenye mpunga utishe ndege."

Alianguka kwa kicheko. Kweli, alikaa chini kwenye nyasi na glavu zake, akapiga kofi ardhini. Mwamuzi akamwambia asimame. Jioni mechi ilipokwisha alinifuata hadi upande wetu, akanikumbatia, akanidai jogoo kama mtani anavyodai. Jogoo sikuwa naye, nikampa kofia yangu, naye akanipa yake. Ninayo mpaka leo.

Vile vijiti vitatu vinavyosimamishwa nyuma ya mpigaji vina kipaza sauti siku hizi, kwa ajili ya wanaotazama mitandaoni. Mjinga mmoja asiye na kazi alikata ile sentensi yangu peke yake. Kicheko hakuweka. Matusi ya kipa hakuweka. Akaitafsiri kwa Kiingereza chini yake, kwa maandishi mekundu, na kufikia kesho yake asubuhi nchi nzima ilikuwa inajua kwamba kijana wa Tana River amemtishia mgeni kifo na kumnyima kaburi. Watu ambao hawajui kriketi ina wachezaji wangapi walitaka nifungiwe maisha. Mmoja aliandika kwamba ndiyo shida ya kuokota watu porini.

Kipa mwenyewe, maskini, alisema kweli. Alikwenda mwenyewe kwa wakubwa, akawaambia tulikuwa tunataniana, yeye ndiye aliyeanza. Meneja alimsikiliza, akamshukuru, akampa chai. Kisha akaniambia, "Unaona ustaarabu? Mtu umemtukana na bado anakutetea."

Sasa, wiki ile walikuwa wanataja majina ya watakaosafiri kwa ziara ya kwanza ya nje. Majina yangetajwa Ijumaa. Jumatano meneja aliniita ofisini kwake, nahodha akiwa amekaa pembeni amekunja mguu. Juu ya meza kulikuwa na barua ya Kiingereza, imeshapigwa chapa, jina langu chini na nafasi ya sahihi. Ya kuomba radhi. Nikaisoma. Nimemuomba radhi mchezaji, sawa. Nimeomba radhi mashabiki, haya. Kisha nikafika mstari uliosema kwamba maneno yale yalitokana na malezi duni niliyopata, nyumbani kusikokuwa na ustaarabu, na kwamba ninaishukuru timu kwa kunifundisha kuongea na watu.

Nikauliza, "Mstari huu tunaweza kuutoa?"

"Huo ndio unaokuokoa," meneja akasema. "Ukiutoa, kosa linakuwa lako."

"Ni langu."

"Basi jezi nayo siyo yako." Akasukuma kalamu.

Nahodha akaongeza kwa ile sauti yake ya benki, "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho, ndugu." Nilimwangalia. Ningekuwa mwanaume ningemwambia huyo chongo ni wewe, na jicho langu naondoka nalo. Ningerudi Garsen nikauze ng'ombe wa watu. Badala yake nilikaa pale nikapiga hesabu ya kimaskini: nyanya hajui Kiingereza, hajui kusoma, hana simu ya kuonyesha picha, na yuko ng'ambo ya mto. Nani atamwambia? Mstari mmoja tu. Anayeumia ni nani?

Nikatia sahihi. Tena sahihi nzuri, yenye mkia, ile niliyokuwa nimejifunza kwa ajili ya watoto watakaokuja kuniomba niwaandikie kwenye daftari. Katika watu wote wa hadithi hii ninaowadharau, na ni wengi, hakuna anayemfikia yule kijana aliyekuwa akikazania mkia wa sahihi yake.

Ijumaa jina langu likatajwa. Nilisafiri, nikacheza, nikafunga mdomo. Makipa wa huko walinichokoza kwa Kiingereza nami nikatabasamu. Mikimbio nilipata, si mingi kama ile ya kwanza, ila ya kutosha. Magazeti yakaandika kwamba nimekomaa. Meneja alinishika bega mbele ya kamera akasema taswira imerekebika.

Niliporudi nyumbani, mpunga ulikuwa umetoa masuke. Garsen walikuwa wamenitayarishia hema na viti. Mheshimiwa mmoja alishika kipaza sauti akaeleza jinsi alivyoona kipaji changu tangu nikiwa mdogo. Alipouliza kwa kunong'ona mimi ni mshambuliaji au beki, nikamwambia beki. Wale madalali wa ng'ombe nao walikuwepo mstari wa mbele, wamevaa kanzu safi, wakiwaeleza watu sheria za kriketi. Nilikula pilau yao, nikasema asante, nikapigwa picha na watu ambao hawakuwahi kunipa hata maji. Mwili wangu ulikuwa pale lakini nilikuwa na hamu ya kitu kimoja tu. Nilikuwa na njaa ya kutukanwa.

Nilivuka mto nikiwa bado nimevaa jezi. Njia nzima nilikuwa natunga matusi. Nyanya alikuwa chini ya dungu anachambua mboga, kilemba kile kile, mkono ule ule uliopinda. Nikampigia kelele kutoka mbali:

"We mke wangu, bado hujafa tu? Hata mamba wamekukataa?"

Alinyanyua kichwa. Akaweka mboga chini. Akasimama, akajifunga leso yake vizuri, akajipangusa mikono, akaja kunilaki kwa mikono yote miwili.

"Karibu, bwana," akasema. "Pole na safari. Habari za Nairobi?"

Nilidhani ni mtego, kwamba anavuta pumzi kabla ya kunipasua. Nikaongeza tusi jingine, la meno yake. Akatabasamu, lile tabasamu la kumpa mchungaji mahubiri yakizidi kurefuka. Alimtuma jirani akalete kiti cha plastiki. Akakifuta kwa leso. Mimi, niliyekulia kwenye matope yale, nikakalishwa kwenye kiti. Kisha ikaja soda, imefunguliwa, na mrija ndani yake, juu ya sahani.

"Wenzako hawajambo?" akauliza. "Mkubwa wenu hajambo? Mnakula vizuri huko?"

"Nyanya, una nini?" Nilikuwa napiga kelele sasa. "Nitukane!"

"Aa, bwana," akasema taratibu. "Mimi nilisikia ile barua yako. Redio waliisoma kwa Kiswahili, nikasema labda sikuelewa. Kisha wakairudia kwa Kipokomo chetu. Alisoma vizuri sana yule kijana wa redio. Basi nikasema, kumbe nilikosea, na hakuna aliyewahi kuniambia. Mtu hazeeki kujifunza. Ndiyo najifunza. Sasa hivi ndivyo mnavyoongea huko, au bado nakosea?"

Nilitaka kumwambia kuhusu Ijumaa, kuhusu kalamu na meneja na mstari mmoja, lakini kila neno nililolitafuta lilikuwa la Kiingereza. Nikasema tu nisamehe. Akasema hakuna neno, bwana, hakuna neno kabisa, na akarekebisha mrija wangu.

Ndege wakashuka. Nusu ya shamba ikawa nyeusi kwa mara moja. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyerusha kitu. Niliacha soda, nikapanda dungu, nikaiokota fimbo iliyokuwa imelazwa pale pale nilipokuwa nikiilaza, nikasimama nayo nikiwa nimejiweka tayari kama mbele ya mrushaji. Nikamwita kutoka juu. Nikamwambia, "Nirushie. Nirushie dongoa moja tu, nyanya, hata likinipiga usoni."

Aliinama. Kweli aliinama, akachota udongo, nikaona vidole vyake vinaanza kufinyanga kwa mazoea. Kisha akaniangalia kuanzia chini hadi juu, akaiangalia jezi, akauachia ule udongo ukaanguka. Akajipangusa kiganja kwenye leso.

"Nisije nikakuchafulia nguo, bwana," akasema.

Nilishuka nikamaliza soda. Ilikuwa ya moto. Alinisindikiza hadi mtoni, akanishukuru kwa kuja.